Bihogo kwa Bluu

Nianze na rangi, maana ugomvi wote ulianzia kwenye rangi.

Kwetu Kihanga, nyumbani kwa baba yangu, hapakuwa na ng'ombe mwekundu. Ukisema "ng'ombe mwekundu", baba alikutazama kama mtu aliyetangaza kwamba mvua ni maji. Ndiyo, ni maji, halafu? Kulikuwa na bihogo, mwekundu aliyeiva, karibu na damu iliyokauka. Kulikuwa na gaju, mwekundu aliyepoa, rangi ya chai yenye maziwa. Walikuwapo na wengine, wa madoa, wa paji jeupe, kila mmoja na neno lake. Babu zetu walikuja na ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Rwanda, na hata ng'ombe walipopungua, maneno hayakupungua. Mimi nilijua bihogo na gaju kabla sijajua kuhesabu, na nilipokua niliyatumia kwa kila kitu: viatu, udongo, nywele za watu. Sikujua kama duniani kuna watu wazima, wenye akili zao timamu, wasioyajua.

Halafu nikaolewa na Mhaya.

Mume wangu alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Muleba, kwao migomba. Mtu yule ukimpa mkungu wa ndizi gizani, ataupapasa akutajie jina lake. Lakini ng'ombe kwake alikuwa mweusi, mweupe au mwekundu, basi, hesabu imekwisha. Sasa wakati wa posa, baba aliomba mahari ya kawaida, akaongeza neno moja tu: ng'ombe awe bihogo. Mwalimu na mjomba wake wakaitikia kwa vichwa, tena kwa heshima kubwa. Kuuliza si ujinga, lakini nani atauliza ukweni? Wakaenda mnadani, wakanunua ng'ombe mzuri, mnene, wakamswaga kwa miguu mpaka Kihanga, na mjomba akasimama mbele ya wazee akatangaza, "Bihogo wenu huyu hapa."

Alikuwa gaju. Gaju mtupu, hana hata unywele wa bihogo.

Baba akamtazama ng'ombe. Akawatazama wageni, vumbi mpaka kwenye kope. Akasema, "Karibuni." Shangazi zangu wakakimbilia migombani kwenda kucheka huko. Kwetu mkwe haumbuliwi. Mkwe akikosea, unameza. Baba akameza, na ili lisimrudie kooni, yule ng'ombe akampa jina: Bihogo. Akakamuliwa akiitwa Bihogo, akazaa akiitwa Bihogo, na kila tulipokwenda kusalimia, mume wangu alimpigapiga mgongoni kwa majivuno, "Bihogo wangu, hujambo?" Sisi sote tulitazama chini. Nami shangazi yangu alikuwa amekwisha kunifunda: mume hasahihishwi mbele za watu, na ukiweza, hata nyuma yao.

Basi liweke hilo kando, tuje kwenye pikipiki.

Miaka ile ya themanini, Kyerwa ikiwa bado ndani ya wilaya ya Karagwe, nilikuwa nesi katika zahanati moja upande wa Rugera. Zahanati ilikuwa na pikipiki ya kupelekea chanjo vilimani. Ilikusudiwa mwanamume. Lakini mwanamume wa kwanza aliiogopa, wa pili akahamishwa, ikabaki stoo ikitagiwa mayai na kuku. Nikaomba nijifunze mimi. Jamani, kelele! Wazee wa kanisa waliulizana kama hakuna mstari unaomkataza mwanamke kupanda kitu chenye honi. Wakautafuta, hawakuupata. Nikavaa suruali chini ya gauni, nikajifunzia uwanja wa shule, nikaanguka mbele ya darasa zima la mume wangu, nikainuka, nikapanda tena.

Niliipenda pikipiki ile, nisiseme uongo. Kabla yake nilikuwa nikitembea siku nzima na boksi la chanjo kichwani, nikifika barafu imekuwa maji na akina mama wamekwisha kurudi shambani. Sasa nilikuwa nikifika ukingo wa kilima, napiga honi ndefu, na huko chini naona kanga zinatoka migombani moja moja, kila mama na mtoto wake mgongoni. Honi ile ndiyo ilikuwa kengele yangu. Bila honi ningezunguka nyumba hadi nyumba nikibisha hodi kama mdai.

Mwalimu hakujua kuendesha na hakutaka kujua. Alipanda nyuma, akashika kofia yake, twende. Watu wakamtania, "Mwalimu, leo nawe umebebwa kama mkungu!" Akawajibu, "Mkungu ukibebwa haulalamiki." Alicheka nao, lakini mimi niliyekuwa mke wake niliona masikio yanavyobadilika rangi. Rangi gani, msiniulize.

Jumamosi moja habari ikaja kwa mdomo wa dereva wa gari la chanjo. Bwana mifugo ameiomba pikipiki yetu. Afisa wa wilaya atakuja Ijumaa kuikagua, na tayari amesema huko wilayani Kayanga, mbele ya watu, kwamba mwanamke pikipiki ikimharibikia njiani hukaa kando akilia mpaka mwanamume apite. Akikuta ina kasoro, anaondoka nayo siku hiyo hiyo. Nilikasirika mpaka nikaunguza maharage. Kulia? Mimi? Nilikuwa nimeziba pancha zangu mwenyewe kwenye tope la magotini, na aliyepita akiwa mwanamume nilimpa pampu ashike.

Jumapili nikatoka kanisani moja kwa moja stoo, kuiosha. Nikakuta panya wamefanya karamu. Stoo ile ilikuwa na maharage, ilikuwa na mahindi, ilikuwa hata na kipande cha sabuni, wakati ule ambao sisi binadamu sabuni tuliisikia redioni. Vyote hivyo hawakuviona! Wakaona nyaya za pikipiki. Mbili walikuwa wamezikata kabisa, chini ya kiti, pale zinapoungana.

Hapa naomba unisikilize kidogo, wala usiogope, maana hata mimi umeme huu nilifundishwa na fundi mmoja wa Kayanga kwa lugha ya jikoni. Kwenye injini kuna magineto, sumaku inayozunguka na kuzaa umeme. Umeme unapanda kwa nyaya mbili kwenda kulisha betri. Waya mmoja ni wa mchana, taa kubwa ikiwa imezimwa na walaji wachache: betri inalishwa kwa kijiko. Waya wa pili unashika kazi ukiwasha taa kubwa, walaji wamejaa: hapo inalishwa kwa upawa. "Kijiko na upawa, Sista, usivichanganye," alisema fundi, "basi, umeme umeumaliza."

Zile nyaya mbili zilizotoka kwenye injini zilikuwa za kiwandani, zimefifia kwa mafuta na vumbi. Moja bihogo, moja gaju. Ndivyo nilivyoziona siku ya kwanza na ndivyo nilivyozikariri. Upande wa juu, wa betri, fundi alikuwa amekwisha kubadilisha, akaweka alizopata, ya njano na ya bluu. Kwa hiyo hazikufanana juu na chini, ilibidi ujue: gaju kwa njano, hicho ndicho kijiko. Bihogo kwa bluu, huo ndio upawa.

Jumatatu nilikuwa na siku ya kupima watoto kilima cha pili. Hapakuwa na pikipiki, kwa hiyo ni miguu, na mizani begani. Mwalimu alikuwa likizo. "Sista," akaniambia, maana aliniita Sista kama wagonjwa, nami nikamwita Mwalimu kama wanafunzi, "wewe nenda zako. Hizo nyaya nitaunganisha mimi."

"Gaju kwa njano," nikamwambia nikiwa mlangoni. "Bihogo kwa bluu. Umesikia?"

"Bihogo kwa bluu. Hiyo naijua hata usingizini."

Wewe umeshacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na mizani begani, haraka miguuni, na furaha moyoni kwamba nimeolewa na mtu msikivu.

Jioni nikarudi nikakuta kazi imekwisha. Ameunganisha, na hakuwa na utepe wa nyaya, kwa hiyo amechukua plasta ya zahanati akafunga tabaka juu ya tabaka, nadhifu, kama mtu aliyevunjika paja. Nikapiga kiki, injini ikawaka. Nikawasha taa, ikawaka. Nikabonyeza honi, ikalia. Tukapeana mikono kama wachezaji waliofunga bao, na usiku ule alikula akiwa amekaa wima kuliko kawaida.

Jumanne nikaondoka. Honi ilikuwa kali kuliko siku zote, inachoma masikio, nami nikadhani ni afya. Kidogo, pu! balbu ya nyuma ikapasuka. Nikadhani ni uzee. Nilipofika kwa akina mama, nikaegesha pikipiki kivulini karibu na benchi na kuanza kuchoma sindano, nikasikia harufu. Mayai viza. Akina mama nao waliisikia. Kila mmoja akaanza kumnusa mtoto wa jirani yake kwa siri, halafu wa kwake kwa wasiwasi. Mmoja akafungua nepi, akafunga. Mwingine akasema kwa sauti, "Wangu alikula ndizi tu." Ikaanza kuwa maneno. Nikajitia kutosikia, mpaka nilipoinama nikaona gauni langu jeupe, upande wa kushoto, limetoboka matundu kama chekecheke. Maji ya betri!

Nikafungua kifuniko. Betri ilikuwa inachemka. Inachemka kweli, kama sufuria, inatapika maji yake pembeni. Na pikipiki ile kuwaka iliwaka tu, maana injini haikuhitaji betri. Lakini honi, indiketa na taa ya breki vyote vilikula humo. Njiani nikirudi mawingu yalishuka, nikawasha taa kubwa. Nikapiga honi kumwonya mbuzi. Ikakohoa. Mbuzi hata hakugeuka.

Jumatano nikaishughulikia kama mgonjwa. Mtoto anatapika na kukonda, unaanza na anachokula. Nikaongeza maji ya mvua niliyokinga kwenye bati, maana ya bomba hayafai. Nikakagua fyuzi, nzima. Nikakwangua waya unaofungwa kwenye chuma cha mwili, ukang'aa. Nikakipima kile kidude kinachougeuza umeme wa sumaku uwe wa kuingia betri, kizima. Nikaendesha mchana, ikachemka. Nikaendesha na taa, ikafa njaa. Mchana imevimbiwa, na taa ina utapiamlo! Mgonjwa wa namna hiyo sikuwahi kumwona, na nimeona wagonjwa.

Mwalimu alikuwa kando, mikono nyuma, akitoa ushauri. "Labda ni petroli."

"Petroli na honi wapi na wapi? Gaju uliipeleka kwa njano?"

"Ndiyo."

"Bihogo kwa bluu?"

"Ndiyo, Sista. Unaniuliza mara ngapi?"

Nikamwamini. Na ile plasta ilivyofungwa vizuri, niliona huruma kuifungua. Angesema simwamini.

Alhamisi ikafika, kesho ndiyo kesho, na honi yangu inasema kwa sauti ya jogoo mgonjwa. Tulikuwa nyuma ya nyumba, jua limeanza kulegea. Nikarusha bisibisi chini. Nitasema nilichosema, maana nilikisema. "Kikulacho ki nguoni mwako! Umechoka kuitwa mkungu, siyo? Unataka waichukue ili nirudi kutembea na boksi kichwani, na watu waache kukucheka!"

Mwalimu akageuka akatazama barabarani. Niliona nimemchoma, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilifurahi kidogo.

Barabarani wakawa wanapita ng'ombe wa jirani, wanatoka kunyweshwa. Tukawatazama kwa sababu hatukutaka kutazamana. Sijui nini kilinituma.

"Yule wa mbele," nikasema, "ni rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na yule anayemfuata?"

Akatazama vizuri. "Nyekundu pia. Nyekundu ya... kawaida."

"Mwalimu. Kati ya hao wawili, bihogo ni yupi?"

Akanyoosha kidole bila wasiwasi wowote, kama anaonyesha mji mkuu kwenye ramani. Akamwonyesha gaju.

"Nani alikuambia yule ni bihogo?"

"Baba yako!" akasema, na sasa yeye ndiye aliyekuwa na hasira. "Baba yako mwenyewe! Si ndiye anayemwita hivyo? Ng'ombe niliyemswaga kwa miguu yangu, rangi ile ile, kila siku Bihogo, Bihogo, wewe mwenyewe unamwita Bihogo! Sasa leo amekuwa nani?"

Mama yangu! Nikakaa chini, pale pale kwenye majani. Kicheko kilikuja, halafu machozi, halafu sikujua kipi ni kipi. Nilikuwa nikimtafuta aliyeiharibu pikipiki, kumbe ni heshima. Heshima ya baba yangu, na shangazi zangu migombani, na mimi mwenyewe niliyetazama chini miaka yote ile. Tulimfundisha neno kinyume, tukamwacha nalo.

Ikabidi nimwambie. Nikamwambia yote, toka siku ya mnada. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kila nilipompigapiga mgongoni..."

"Ndiyo."

"Na wote mlijua?"

"Mkwe haumbuliwi, Mwalimu."

"Mkwe haumbuliwi," akarudia. "Na mume?"

Akaondoka, akazunguka nyumba, nikasikia mlango. Nilidhani amekwenda kulala na uchungu wake, na nikajua nimepoteza vyote, pikipiki na mtu. Lakini akatoka na wembe mkononi, akapiga magoti kwenye pikipiki, akaanza kuikata ile plasta yake nzuri. "Mficha uchi hazai," akasema. "Njoo unionyeshe. Ipi ni ipi?"

Nikamwonyesha. Tukazisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka rangi ikatoka. Hii imeiva, bihogo. Hii imepoa, gaju. Aliyekuwa mwekundu tu akawa wawili. Lakini sikutaka tena kuamini maneno, hata yangu, kwa hiyo nikachukua balbu ya akiba, nikawasha injini, nikagusisha waya mmoja mmoja. Kwenye gaju balbu ikawaka taratibu: kijiko. Kwenye bihogo ikawaka kwa nguvu mpaka nikaiondoa haraka: upawa. Na huo upawa ndio uliokuwa umefungwa kwa njano, unamlisha mtoto mchana kutwa kwa lazima. Tukageuza. Bihogo kwa bluu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekaza, na safari hii plasta ilikuwa kidogo.

Nikaongeza maji ya mvua, nikaendesha mpaka giza lilipokaribia, taa imezimwa, taratibu, kijiko kwa kijiko. Haikuchemka. Lakini betri iliyochemshwa siku mbili ni kama mtu aliyetoka kuugua. Unaweza kumlisha vizuri na bado asiamke. Honi ilitoka kidogo. Nikalala nayo hivyo.

Ijumaa afisa akafika. Mzee mfupi mwenye kofia, Mhaya wa Bukoba, sauti kubwa. Na watu walikuwa wamejaa, utadhani kuna mkutano: wazee wa kanisa, walimu wenzake na Mwalimu, akina mama na watoto wao. Nikamwamkia shikamoo, akaitika akiwa anaitazama pikipiki, siyo mimi. Akakagua matairi. Akavuta breki. Kisha akapanda, akapiga kiki, akaondoka nayo.

Tukabaki tumesimama. Ilipanda kilima, ikazama nyuma ya migomba. Kona ya kwanza, honi. Kali, safi, mgonjwa ameamka kwa kijiko. Akina mama wakapiga vigelegele. Kona ya pili, honi. Halafu kimya. Injini pia, kimya. Nikasema basi, ama imemfia ama ameondoka nayo, na huko aliko anamtafuta bwana mifugo. Mwalimu alikuwa ubavuni pangu, kofia mkononi, anaikunja na kuikunjua.

Kisha honi ndefu ikalia kutoka ng'ambo, na akarudi, na mkungu wa ndizi mbivu umefungwa nyuma. Eti amekuta ndizi nzuri akasimama. Ndizi! Nusura nimpige.

Akazima, akashuka, akabaki na ufunguo mkononi. "Pikipiki nzima," akasema. "Nimesikia ilikuwa na matatizo ya umeme wiki hii. Nani aliyeitengeneza?"

Nami nikafungua mdomo, halafu nikakwama. Shangazi yangu alinifunda: mume akiwapo, sifa ni yake. Nikisema "Mwalimu", nimempa mume wangu heshima yake mbele ya watu wanaomwita mkungu, na nimempa afisa alichokijia: nilijua tu, mwanamume yupo nyuma. Na nikisema "mimi", nimemvua nguo mbele ya walimu wenzake. Ufunguo niliuona pale, unaning'inia kwenye kidole cha yule mzee. Nikavuta pumzi niseme "Mwalimu". Kweli, ndivyo nilivyotaka kusema.

"Mimi nilikosea," Mwalimu akasema, "yeye akasahihisha."

Afisa akageuka. "Unasemaje?"

"Panya walikata nyaya. Mimi nikaziunganisha kinyume, betri ikachemka. Yeye akatafuta, akapima kwa balbu, akageuza. Mimi ni mwalimu, mzee. Mwenye sifuri namjua, na mwenye kalamu nyekundu namjua."

Mwalimu mwenzake mmoja akadakia kwa nyuma, "Loo! Huoni aibu?"

"Aibu niliimaliza jana."

"Lakini ulikosea nini hasa?" afisa akauliza.

"Sikujua rangi za ng'ombe. Nilimdhania gaju ni bihogo. Tena tangu nilipotoa mahari."

Watu wa kwetu walilipuka. Wazee wa kanisa walishikana mabega, mama mmoja alikaa chini na mtoto wake. Mwalimu akasimama katikati ya kicheko kile kama mtu anayeoga mvua, masikio yake safari hii hayakubadilika kitu. Afisa peke yake hakucheka. Alingoja kelele zipungue, akainama kwa Mwalimu, Mhaya kwa Mhaya, akamwuliza kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia, "Hebu niambie. Bihogo ndiyo nini?"

Mwalimu akamwambia. Akamweleza vizuri, na damu iliyokauka, na chai ya maziwa. Yule mzee akaitikia kwa kichwa, akanitazama, mara ya kwanza siku ile, akanipa ufunguo mkononi mwangu. "Unipeleke na mimi mnadani siku moja," akasema.

Siku ya harusi yetu nilimpenda mume wangu kwa sababu ndiyo desturi. Ijumaa ile nilimpenda kwa sababu yake.

Jumapili tukaenda Kihanga. Alisema lazima amwone baba, na amwombe yule ng'ombe msamaha kwa kumwita jina la mwenzake. Akapanda nyuma, akashika kofia, twende. Kila tulipopishana na ng'ombe, alinigonga begani kwa kidole.

"Yule?"

"Sema wewe."

Akafikiri. "Waya wa mchana."

"Ng'ombe, Mwalimu, siyo waya."

"Ngoja. Waya wa mchana, kijiko, njano... gaju!"

"Na yule pale karibu na mtaro?"

Alimkazia macho mpaka tukamfikia kabisa, mwekundu ameiva, pembe ndefu, anatafuna. "Upawa," akasema sikioni mwangu. "Bihogo."

Nikampigia honi.